Mwezi Unaoanguka: Maisha ya Isaac Newton

Isaac Newton alizaliwa siku ya Noeli ya mwaka 1642, katika kijiji cha Woolsthorpe, wilaya ya Lincolnshire, nchini Uingereza. Hivyo ndivyo wasemavyo Waingereza. Lakini siku hiyohiyo huko Roma, Paris na Lisbon ilikuwa tarehe 4 Januari 1643. Baba Mtakatifu Gregori wa XIII alikuwa amekwisha kuisahihisha kalenda tangu mwaka 1582, kwa hesabu za wataalamu wa falaki. Na Waingereza, kwa kuwa masahihisho yalitoka Roma, hawakuyapokea hata ulipofika mwaka 1752. Basi taifa lililokuwa limechelewa siku 10 nyuma ya jua ndilo lililomzaa mtu aliyeueleza mwendo wa jua, dunia na mwezi kuliko wote waliomtangulia.

Jina lake hutajwa kila siku katika shule zetu za sekondari. Wanafunzi huzikariri kanuni zake usiku wa kuamkia mtihani. Kisha ukiwauliza kwa nini Mwezi hauanguki, wengi hujibu kwamba iko nguvu inayousukuma nje, ikishindana na nguvu ya dunia inayouvuta ndani, na kwa kuwa nguvu hizo ni sawa, Mwezi hukaa mahali pake. Jibu hilo si sahihi. Hata hivyo wasilaumiwe mno, maana Newton mwenyewe alikuwa na jibu la namna hiyohiyo kwa miaka mingi, na jinsi alivyoliacha ndiyo habari tunayotaka kuwasimulia wazazi na watoto wao.

Baba yake alikuwa mkulima asiyeweza hata kuandika jina lake, naye alifariki miezi mitatu kabla ya mtoto kuzaliwa. Mtoto mwenyewe alikuwa mdogo mno, hata wanawake wawili waliotumwa kuleta dawa waliketi njiani kupumzika, wakiwa na hakika kwamba watarudi na kumkuta amekwisha kufa. Akaishi miaka 84. Alipotimiza miaka mitatu, mama yake, Hannah, aliolewa na mchungaji mwenye umri mkubwa wa kijiji cha jirani, ambaye hakumtaka mtoto wa kambo nyumbani mwake. Isaac akaachwa kwa bibi yake. Kidonda hicho hakikupona. Mwaka 1662, akiwa kijana wa miaka 19, aliandika katika daftari orodha ya dhambi zake, na mojawapo ilikuwa kutishia kuwachoma moto mama yake na mume wa mama pamoja na nyumba yao. Sisi tunaoketi katika kiti cha maungamo twajua kwamba uchungu wa namna hiyo hauondoki upesi. Anayeshangaa kwa nini mtu huyu hakumwamini mtu yeyote siku zote za maisha yake, asiitafute sababu mbali.

Mama alipofiwa mara ya pili, alimtoa Isaac shuleni akamtaka awe mkulima. Hakufaa hata kidogo. Kondoo na nguruwe waliingia katika mashamba ya watu, naye yuko chini ya mti na kitabu chake, na faini ikatozwa. Mjomba wake na mwalimu wake wa Grantham walimbembeleza Hannah mpaka akakubali kumrudisha shule. Mwezi wa Juni 1661 akaingia Chuo cha Utatu Mtakatifu huko Cambridge, kwa daraja la wanafunzi maskini waliolipia masomo yao kwa kuwatumikia wenzao matajiri.

Mwaka 1665 tauni ilipoingia nchini, chuo kikafungwa, na Newton akarudi Woolsthorpe. Hapo ndipo panapohusika lile tufaha ambalo kila mtoto amelisikia. Halikumwangukia kichwani, hayo ni maneno ya watu. Mzee Newton mwenyewe aliwasimulia rafiki zake kwamba aliliona tufaha likianguka bustanini, akajiuliza kama nguvu inayolivuta tunda juu ya mti, na inayofika mpaka juu ya milima mirefu, haiwezi kufika pia mpaka kwenye Mwezi. Akapiga hesabu, na jawabu likakaribia tu, lisilingane sawasawa.

Hesabu hiyo ilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba alitumia kipimo cha dunia kilichokuwa kidogo kuliko ukweli. Ya pili ilikuwa kubwa zaidi: aliutazama Mwezi kama kitu kinachojitahidi kuikimbia dunia, akapima nguvu ya kukimbia huko. Ili kuelewa kosa lenyewe, tulichukue kombeo, kama lile la Daudi mbele ya Goliathi. Mkono huzungusha kamba, na jiwe hupita kwa duara juu ya kichwa. Mkono huhisi kamba ikivutika nje, na kwa hiyo tangu zamani watu walidhani kwamba jiwe lina nguvu ndani yake ya kukimbia kitovu. Lakini tazama linapoachiwa. Haliruki moja kwa moja kutoka kwenye mkono kwenda nje. Hushika njia iliyonyoka ya kule lilikokuwa likielekea katika nukta ile lilipoachiwa. Jiwe halina haja ya kwenda nje. Huelekea mbele, nayo kamba hulizuia kila nukta na kulipinda kuelekea mkononi. Vivyo hivyo abiria wa basi linalokata kona katika mlima wa Kitonga husema ametupwa ubavuni. Hakuna aliyemtupa. Yeye alikuwa akiendelea mbele kama kwanza. Basi ndilo lililogeuka, na ubavu wake ukaja kumsukuma ndani ya kona. Katika mzunguko wowote, nguvu inayotakiwa ni moja tu, nayo huelekea kati.

Leo mwalimu huweza kueleza hayo kwa kipande cha chaki. Newton yalimchukua karibu miaka 15, na aliyemwonyesha njia alikuwa mtu aliyemchukia.

Mwaka 1679 mama yake aliugua homa. Newton alikwenda kumwuguza, akakesha naye usiku na kumfunga madonda kwa mikono yake, mpaka alipofariki. Ni vema kulikumbuka jambo hili, tukilipima pamoja na ile orodha ya dhambi. Mwishoni mwa mwaka aliporudi Cambridge akakuta barua ya Bwana Robert Hooke, katibu wa Royal Society, chama cha wataalamu cha London. Hooke alimwalika afikiri juu ya sayari kwa namna mpya: mwendo wa sayari uchukuliwe kuwa mchanganyiko wa mambo mawili tu, yaani mwendo ulionyoka wa kwenda mbele, na mvuto wa kuelekea kwenye mwili ulio katikati. Ile nguvu ya kukimbia nje haimo. Katika barua ya baadaye akaongeza kwamba, kwa dhana yake, mvuto huo hupungua kwa mraba wa umbali: umbali ukizidi mara mbili, mvuto huwa robo, ukizidi mara tatu, huwa sehemu ya tisa. Katika kujibizana huko Newton alichora njia ya kitu kinachoanguka, akakosea, na Hooke akalisoma kosa lake mbele ya wanachama. Newton hakulisahau hilo. Lakini alilichukua wazo. Hooke hakuwa na hisabati ya kulithibitisha. Newton alikuwa nayo.

Matokeo yake yalilala sandukuni miaka mitano. Mwezi wa Agosti 1684 Bwana Edmond Halley, kijana mchangamfu wa elimu ya nyota, alipanda kwenda Cambridge na swali moja: ikiwa jua huivuta sayari kwa nguvu inayopungua kwa mraba wa umbali, sayari itashika njia ya namna gani? Newton akajibu papo hapo kwamba ni duaradufu, yaani ule mviringo uliorefuka ambao Kepler wa Ujerumani alikuwa ameutangaza mwaka 1609 kwa kuzitazama nyota. Halley akaomba kuiona hesabu. Newton akatafuta katika karatasi zake, akasema haioni, akaahidi kuiandika upya. Kumbe kuandika upya huko kulimnasa. Kwa muda wa miezi 18 alisahau kula, alisahau kulala, na mtumishi wake alikuta chakula kikiwa kama kilivyoandaliwa. Mwezi wa Julai 1687 kikatoka kitabu kwa Kilatini juu ya kanuni za kihisabati za elimu ya maumbile. Royal Society haikuwa na fedha ya kukipiga chapa, kwa sababu ilikuwa imezimaliza kwa kutoa kitabu kikubwa cha samaki ambacho hakikupata wanunuzi. Halley, ambaye hakuwa tajiri, alilipa gharama kutoka mfukoni mwake. Na baadaye chama kilipokosa mshahara wa kumlipa, kikampa nakala za kile kitabu cha samaki. Ukarimu wa mtu huyu haujulikani kama inavyostahili.

Katika kitabu hicho Newton aliitungia ile nguvu ielekeayo kitovu jina jipya la Kilatini, vis centripeta, kinyume cha jina la Mholanzi Huygens aliyekuwa amesema habari za nguvu ikimbiayo kitovu. Kisha akairudia hesabu ya Mwezi, safari hii kwa kipimo sahihi cha dunia. Kipimo hicho alikipata kwa padre Mkatoliki. Padre Jean Picard, Mfaransa, alikuwa ameipima ardhi kati ya Paris na Amiens katika miaka ya 1669 na 1670 kwa vyombo vyenye darubini, akapata kwamba digrii moja ya mzingo wa dunia ni kama kilomita 111. Kwa tarakimu hiyo, hesabu ililingana.

Nayo ni hesabu ambayo kijana wa kidato cha tatu aweza kuifuata. Mwezi uko mbali na kitovu cha dunia mara 60 kuliko tulivyo sisi. Ikiwa mvuto hupungua kwa mraba wa umbali, basi huko juu ni sehemu 1 tu ya 3,600 za mvuto wa hapa chini. Jiwe lililoachiwa hapa huanguka karibu mita 4.9 katika sekunde ya kwanza. Kwa hiyo Mwezi yapasa uanguke umbali huohuo katika dakika nzima. Newton akapima jinsi njia ya Mwezi inavyopinda, akakuta ndivyo ulivyo. Kila sekunde Mwezi huenda mbele kiasi cha kilomita 1, na katika sekunde hiyohiyo huanguka kuelekea kwetu kiasi cha milimita 1.4. Haufiki chini, kwa maana kila unapoanguka kiasi hicho umekwisha kusogea mbele kiasi cha kuikosa dunia. Kwa hiyo, mwanangu, ukiulizwa kwa nini Mwezi hauanguki, jibu la kweli ni kwamba unaanguka, usiku na mchana, wala haujapata kuacha.

Wavuvi wetu wa Pemba, Mafia na Kilwa tangu kale walijua kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapopevuka, na kwamba maji mafu huja katikati yake. Newton alieleza sababu. Mwezi huyavuta maji ya upande wake zaidi kuliko uvutavyo dunia yenyewe, na huivuta dunia zaidi kuliko maji ya upande wa pili. Kwa hiyo maji huinuka pande zote mbili, na pwani huona maji kujaa mara mbili kwa siku. Jua nalo huvuta. Linapokuwa katika mstari mmoja na Mwezi huongeza nguvu, na hilo ndilo bamvua. Linapokuwa pembeni hupunguza.

Kuhusu dunia inayojizungusha yenyewe, kitabu kile kina jambo linalotugusa sisi tunaokaa karibu na ikweta. Mtu aliyesimama Nanyuki, nchini Kenya, huchukuliwa na dunia kuelekea mashariki kiasi cha kilomita 1,670 kila saa. Mbona hatupwi angani? Ni kwa sababu sehemu ya uvutano hutumika kumpinda aifuate dunia katika mzunguko wake. Newton alihesabu kwamba sehemu hiyo ni ndogo, 1 tu kati ya 289; zilizobaki ndizo zinazomkalisha chini. Ushahidi ulikuwapo. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya timazi huko Cayenne, pwani ya Amerika ya Kusini, karibu na ikweta, akaona inachelewa dakika 2 na nusu kila siku, ijapokuwa huko Paris ilikwenda barabara. Uvutano wa Cayenne ulikuwa dhaifu kidogo. Newton akatambua kwamba mzunguko huo umeifanya dunia ivimbe kiunoni na kubonyea kwenye ncha zake. Wafaransa wengi walibisha, mpaka misafara ya kupima iliyokwenda Peru mwaka 1735 na Lapland mwaka 1736 ilipoonyesha kwamba amesema kweli. Leo twajua kwamba aliye kwenye ikweta yuko mbali na kitovu cha dunia kilomita 21 zaidi ya aliye kwenye ncha. Gunia la kilo 100, likipimwa kwa mizani ya springi huko kwenye ncha na kisha kwenye ikweta usawa wa bahari, litapungua karibu nusu kilo bila mtu kuiba punje moja.

Na kama dunia ingejizungusha mara 17 kuliko sasa, siku nzima ingekuwa na dakika 85 tu, na pale kwenye ikweta uvutano wote ungemalizika katika kumpinda mtu. Mizani ingeonyesha sufuri. Mtu huyo asingejua kama amesimama juu ya dunia au anaizunguka kama mwezi mdogo.

Sasa hatuna budi kusema juu ya mtu mwenyewe. Hooke alipodai kwamba ametajwa kidogo mno katika kitabu, Newton alikasirika hata akataka kuizuia sehemu ya tatu isichapwe. Halley alimtuliza. Hata hivyo Newton alipitia maandiko yake akilifuta jina la Hooke mahali pengi alipoweza, na hakukubali kuwa rais wa Royal Society mpaka Hooke alipofariki mwaka 1703. Kukosea hesabu si dhambi. Kumnyima mwenzako haki ya neno alilokupa ni jambo jingine, na akili kubwa hailipunguzi.

Wala hakutupenda sisi Wakatoliki. Mwaka huohuo wa 1687, Mfalme James wa II aliamuru chuo cha Cambridge kimpe shahada Padre Alban Francis, mmonaki Mbenediktini, bila kiapo cha dini ya nchi. Newton alikuwa miongoni mwa waliosimama mbele ya mahakama ya mfalme kupinga, na padre hakuipata. Zaidi ya hayo, huyu aliyeishi katika Chuo cha Utatu Mtakatifu alikuwa haukubali Utatu Mtakatifu. Alimwabudu Mungu Mwumba kwa ibada ya kweli, akaandika maelfu ya kurasa juu ya Maandiko. Lakini aliukataa usawa wa Mwana na Baba. Alilificha hilo maisha yake yote, kwa kuwa lingempotezea kazi, na mwaka 1675 mfalme alimwachilia asipewe daraja takatifu ambayo desturi ya chuo ilimdai. Karatasi zake nyingi za siri zilijulikana baada ya kuuzwa kwa mnada huko London mwaka 1936.

Wako waamini wanaouliza kama yafaa watoto wetu wafundishwe kwa sifa mtu wa namna hiyo. Swali hilo lilikwisha kujibiwa kwa vitendo, tena Roma. Newton alifariki mwezi wa Machi 1727, akiwa Sir Isaac na mkuu wa kiwanda cha fedha cha serikali, akazikwa Westminster Abbey kwa heshima kubwa. Hakuwahi kuoa. Miaka 12 baadaye watawa wawili wa shirika la Mtakatifu Fransisko wa Paola, Thomas Le Seur na François Jacquier, waliokaa katika konventi ya Utatu Mtakatifu juu ya kilima cha Pincio mjini Roma, walianza kutoa kitabu chake pamoja na maelezo yao ya ukurasa kwa ukurasa, ili wanafunzi waweze kukielewa. Kilipigwa chapa Geneva, mji wa Calvin, kati ya mwaka 1739 na 1742. Wakati ule marufuku ya vitabu vilivyofundisha mwendo wa dunia ilikuwa haijaondolewa, basi watawa wakatangaza katika kitabu kwamba wanalichukua jambo hilo kama dhana tu na kuzitii amri za Kanisa. Marufuku ya jumla ilifutwa mwaka 1758. Ilichelewa, na hatuna sababu ya kulificha hilo. Lakini maelezo ya watawa wale yalitumika Ulaya kwa miaka mingi, hata katika nchi za Waprotestanti.

Newton alikuwa amewaza habari ya mzinga juu ya mlima mrefu mno. Risasi ikipigwa pole huanguka karibu. Ikipigwa kwa nguvu zaidi huanguka mbali. Na ikipigwa kwa mwendo wa kutosha, ardhi itapinda chini yake kwa kadiri ileile inavyoanguka, nayo itaizunguka dunia bila kuigusa. Warusi walilitimiza hilo tarehe 4 Oktoba 1957. Kwa jirani zetu wa Kenya, Waitalia walisimamisha jukwaa baharini karibu na Malindi, mahali palipochaguliwa kwa sababu pako karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hukipa chombo mwendo wa bure kuelekea mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa nchi hiyo, kilirushwa hapo chombo cha Wamarekani cha kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota, kikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Kiliizunguka dunia kila baada ya dakika 96 hivi, kikianguka na kuikosa, mpaka hewa nyembamba ya huko juu ilipokipunguzia mwendo kidogo kidogo, na mwaka 1979 hakikuikosa tena.